Brashi Nne za Shemeji

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, aliendesha magari ya ofisi kwa miaka thelathini na mmoja, akastaafu bila kugonga hata kuku. Kisha akanunua gari lake mwenyewe, dogo, jeupe, la mtumba, akalileta uani kwangu, ambako anaishi chumba cha nyuma. Kwa mwaka na nusu gari hilo lilitembea kutoka kivulini hadi bombani, na kutoka bombani hadi kivulini. Halikuwahi kukanyaga tope, lakini lilioga mara tatu kwa wiki. Mimi mwenyewe sijawahi kuoga kwa utulivu wa namna ile.

Safari yake ya kwanza ya kweli ilikuwa imeshapangwa. Binti yangu alipata nafasi chuo cha uuguzi, anatakiwa kuripoti Jumatatu, na baba yake mkubwa alikuwa ameahidi kumpeleka. Ni mwendo wa saa tatu, barabara ya malori. Mimi ni mtu wa wasiwasi, sikatai. Mtoto akikohoa mara mbili nimeshavaa viatu kwenda kwa daktari. Kwa hiyo wiki ile nilianza kumtazama dereva wetu kwa jicho la pili.

Alhamisi aliniomba nimsindikize dukani kununua brashi.

"Brashi si ipo bafuni?" nikamuuliza.

"Shemeji, ile ni ya sakafu. Ukiipitisha kwenye bodi utalichora gari kama daftari la chekechea."

Dukani alipitisha mkono kwenye rafu taratibu. Akachukua brashi, akaibonyeza shavuni, akairudisha. Nyingine akaisugua upande wa ndani wa mkono, pale ngozi ilipo laini. "Isiponikwaruza mimi, haitalikwaruza gari," alisema. Akaomba maji kwenye kikombe, akailowesha, kwa sababu kuna brashi zinazojifanya imara zikiwa kavu, zikiloa zinalegea kama mchicha. Akapapasa shingo ya brashi ndogo ya kupakia rangi, akanieleza kwamba pete ile ya chuma lazima izungushiwe tepu, la sivyo siku moja itateleza ichane dashibodi.

Muuzaji alikuwa ameegemea kaunta akimtazama. "Mzee, unachagua brashi au mchumba?"

"Mchumba nilichagua haraka haraka," shemeji akajibu. "Ndiyo maana leo naishi kwa shemeji."

"Basi chukua hiyo ya njano. Ndiyo laini kuliko zote."

Shemeji akanyoosha mkono, akagusa nyekundu, akahamia nyeusi. "Ipi?"

"Hiyo hapo mbele yako."

Nikaichukua nikamshikisha. Akasema duka lile lina giza. Ilikuwa saa sita mchana, na taa mbili zilikuwa zinawaka.

Tuliporudi alikaa kwenye kigoda na kisu chake, akaanza kukata alama kwenye mipini. Brashi ya bodi, mkato mmoja. Ya rimu, miwili. Ya matairi, mitatu. Ile ndogo ya dashibodi na matundu ya hewa haikuhitaji alama, inajulikana kwa udogo wake.

"Unazikata za nini?" nikauliza.

"Zisichanganyike. Brashi ya rimu inabeba mchanga na vumbi la breki. Ikigusa bodi, rangi yote kwaheri."

Nilimsifu kwa uangalifu wake, nikaingia jikoni kuosha sufuria. Nilikuwa nimefika kwenye kifuniko ndipo akili iliponijia. Brashi ya bodi ilikuwa ya njano, ya rimu nyekundu, ya matairi nyeusi. Mtu anayeona njano na nyekundu anahitaji kisu cha nini?

Siku mbili nzima niliomba gari liharibike. Gari linalooshwa vile haliharibiki kirahisi. Nilifikiria hata kumwaga sukari kwenye tangi la mafuta, lakini sukari ilikuwa imebaki kidogo.

Jumapili mchana binti alikwenda kuwaaga rafiki zake, nami nikamkuta shemeji ameinama juu ya ndoo yake ya povu.

"Shemeji," nikasema, "ndege amekuchafulia boneti. Hapo katikati."

Akapapasa mipini hadi akapata wenye mkato mmoja. Akasugua pale nilipoonyesha, au jirani na pale, kwa bidii ya haki. Akamwagia maji.

"Kimetoka," akasema. "Kilikuwa kimeganda hicho."

"Hapakuwa na kitu."

Hakuinua kichwa. Aliichovya brashi kwenye ndoo, akaitoa, akaichovya tena.

"Umeanza lini kunitega, shemeji?"

"Tangu hiyo mikato."

"Jicho la kushoto bado linafanya kazi kidogo."

"Barabara ina pande mbili, shemeji."

Akacheka kidogo, kicheko cha kushindwa. Akaniambia alikuwa anajua, na kwamba kila siku alikuwa anajiambia kesho ataniambia, kisha anapata sehemu ya gari ambayo bado haijang'aa. Sikumgombeza. Nilimtaka tu aende kwa daktari wa macho Jumatano, nami ningetafuta teksi ya kumpeleka binti.

"Nitakwenda," akasema. "Lakini mtoto asijue. Nimempeleka shule tangu chekechea. Asianze chuo akiwaza macho yangu."

"Nimwambie nini sasa?"

"Usimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe."

Jumatatu asubuhi teksi ilifika, vumbi hadi kwenye vioo. Shemeji alisimama mlangoni, mikono mfukoni.

"Gari langu halitoki," akamwambia binti. "Nimelipaka nta jana. Barabara ile ina changarawe, itachubua rangi."

Binti akatazama gari jeupe lililong'aa kama sahani ya wageni, akatazama teksi. "Baba mkubwa, mwaka mzima unaniahidi. Kumbe gari ni bora kuliko mimi?"

"Wewe ukichubuka unapona," akasema shemeji.

Binti hakucheka. Aliingia akabamiza mlango, na tangu tulipokata kona hadi tukafika barabara kuu alinieleza kwamba katika maisha yake hajaona mzee bahili kama yule, mtu wa kupenda bati kuliko ndugu, na kwamba baba yake angekuwa hai angemwambia ukweli wake. Ningeweza kumtetea kwa sentensi moja tu. Lori la kwanza likatupita kwa kishindo. Nikamwambia dereva apunguze mwendo, nikamuuliza macho yake yakoje.