Babu Alichimba Nini?

Jamani, nusu ya habari hii mliipata kwa Mama Furaha, na aibu ni yangu, kwa hiyo bora iliyobaki muipate kwangu mwenyewe.

Ilikuwa lokidauni ya korona, nimejifungia mtaani kwetu Lidcombe, huku ughaibuni, na kompyuta, nikakuta kikundi cha wazee wapenda historia wanatafuta familia zenye asili ya miji ya kale ya dhahabu, wasimulie kwa video na habari zao zibandikwe maktaba. Nikasema, si mimi huyu? Babu mzaa baba alikuwa mchimbaji mgodini Geita enzi za mkoloni, nyumbani ndivyo wanavyosema siku zote (kuchimba nini, hakuna aliyeuliza, kwani mgodini watu huchimba viazi?). Nikajaza fomu, nikaongeza na kokoto ya dhahabu aliyoiokota kwa mkono wake. Ya kokoto niliitunga.

Mwenyekiti wao, bibi wa Kizungu wa miaka themanini na kitu, akafurahi mno, akaomba tumsikie mtu aliyemwona babu kwa macho. Nikamuunganisha Shangazi Kabula, bintiye babu, kutoka Geita, mimi nikiwa mkalimani.

Siku yenyewe, watu arobaini kwenye skrini, bibi akauliza babu alikuwa akichimbaje. Shangazi akakohoa.

"Baba alichimba vyoo. Vyoo vyote vya kambi ya mgodi ni mkono wake."

Hapo ningesema kweli yangeisha. Nikatafsiri: alichimba mashimo marefu, ya hatari. Makofi! Bibi akauliza, alitoa nini humo?

"Kutoa?" Shangazi akashangaa. "We mtoto, watu walikuwa wanatia!"

Nikatafsiri: dhahabu nyingi.

Sasa nyuma ya bibi, barakoa usoni, alisimama mama anayemhudumia, Mkongo wa mtaa wa Liverpool wa huku huku kwetu, ndiye huyo Mama Furaha wenu. Akainamia kamera.

"Mais papa, lakini huyu mama anasema choo! Shimo ya choo, si ya zahabu!"

Akamgeukia bibi akamweleza kwa Kiingereza, neno kwa neno, mpaka ile ya kutia. Wazee walicheka, mmoja meno ya bandia yakamtoka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Shangazi hakucheka. Aliuliza kuna nini, Mama Furaha akamwambia nilivyokuwa nikitafsiri.

"Kumbe unamwonea aibu baba yangu?" akaniuliza. "Mashimo hayo ndiyo yaliyomsomesha baba yako, na wewe ukapanda ndege. Na hao wa dhahabu, bila baba wangechutama wapi?"

Bibi akataka kujua amesema nini, nikatafsiri yote, na hayo ndiyo yaliyobandikwa maktaba, chini ya picha ya babu na sururu yake.

Ukalimani nimeuacha kabisa, na sifa za babu wa mtu sizipokei kabla sijauliza alichimba nini. Shangazi hajasahau. Nikimpigia, hata salamu hajaitikia, ananianza: "Haya, mkalimani, leo nimesema nini?"