Neno Moja Nililoruka

Leo nimemsomea mama blogu, na kuna neno moja nimeruka.

Wasee, nilikuwa najaribu tu tovuti za kutafuta blogu. Nilitaka za mapishi ya kienyeji. Ya kwanza ikaniletea kamari. Ya pili ikaniletea siasa, eti hayo ndiyo mapishi.

Ya tatu nikaandika "mrenda na kunde", ikatoa blogu moja safi sana.

Picha ya juu ni sufuria yetu. Ile ya shikio moja, hapa hapa Kangemi!

Mwenye blogu ni kakangu Wafula. Alienda ng'ambo, baadaye akaacha kushika simu zetu. Mama humwombea kila jioni.

Nikapiga kelele, "Mama, nimempata Wafula!"

Akaacha mboga, akapangusa mikono. Macho yake hayaoni tena maandishi ya simu. "Nisomee. Polepole."

Kichwa kilisema: Mrenda wa Marehemu Mama Yangu.

Nikasoma: "Mrenda wa Mama Yangu."

Nikaendelea kumsomea mapishi yenyewe, akacheka mpaka akatoa machozi. Eti hajasahau hata magadi.

Huko chini watu wamejaa kumpa pole. Naye anawajibu mmoja mmoja: asante, alikuwa mama mzuri.

"Na wewe andika hapo," mama akaniambia. "Mwambie namsalimia."

Hiyo komenti nyinyi mngeandika aje?

Amekaa hapa kando yangu, anaangalia kidole changu kikiandika haya yote. Anadhani ndiyo salamu zake.