Kikaango cha Marehemu

Shangazi yangu alichukua kikaango cha mama matanga yakiwa bado hayajaanuliwa, watu wamelala mikekani uani kwetu Magongo. Sikumwona akikitoa jikoni. Nilimwona akienda nacho, amekifunga ndani ya leso, nikadhani amewabebea watoto wake chakula.

Nilipolalamika, baba aliniambia ninyamaze. Shangazi alikuwa dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea walipofiwa na wazazi wao, na baba hakuwahi kumkatalia neno. "Ni kikaango tu," alisema. Kwake kilikuwa kikaango tu, kwa sababu hakuwahi kukipikia.

Mama alikipata kwa bibi mmoja wa Kishelisheli, mke wa mtu wa reli, aliyekuwa amemwajiri kulea watoto. Bibi yule alisema Kifaransa nyumbani mwake, na Jumapili alipika chapati za maji nyembamba sana, za mayai na maziwa. Zikitoka motoni hunyunyiziwa sukari, hukamuliwa ndimu, kisha hukunjwa na kukunjwa tena. Mama alijifunza kwanza kwa kutazama, baadaye kwa kupika. Vita vilipoanza familia ile ikahama, na bibi akamwachia mama kikaango chenyewe. Kilikuwa cha chuma kizito, ukingo mfupi, cheusi tititi.

Mtaani kwetu hakukuwa na mwanamke mwingine aliyezijua chapati zile. Unga wa ngano na sukari vilipatikana kwa taabu siku za vita, kwa hiyo mama alizipika Krismasi na Pasaka tu, tena kwa tui la nazi badala ya maziwa. Siku hizo ndugu wa kanisani walikuwa na huruma ya ajabu. Kila mmoja alipita kwetu kutujulia hali, na kila mmoja alikaa.

Kikaango kile mama hakukiosha. Akimaliza kupika alikipangusa kwa kitambaa kikavu kingali moto, akakipaka mafuta ya nazi, akakitundika. Nilipokuwa mdogo nikiona haya, maana kwetu sifa ya mwanamke ni vyombo vyake. Unavisugua kwa mchanga na makumbi ya nazi mpaka vinakuwa vyeupe, kisha unavianika juu ya uchaga uani ili kila apitaye avione. Sufuria nyeusi ni ya mvivu. Mama alisugua vyombo vyake vyote kasoro kile. "Weusi huu ndio unaopika," aliniambia. "Ukiutoa, chapati haitabanduka."

Shangazi hakuambiwa hayo, na hakuuliza. Alichofanya ni kutangaza. Haukupita muda akawaambia akina mama wa kanisani kuwa chapati za Kifaransa alizijua yeye kwanza, kwamba ndiye aliyemfundisha marehemu, na kikaango kilikuwa chake tangu hapo, alikuwa amemwazima tu. Wanawake waliokuwa wamekula mkononi mwa mama wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyesema, "Hata!" Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma yao. Siku ile nilijua ninachokitaka. Nilitaka kikaango kirudi kwetu, na nilitaka shangazi aseme kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya wale wale, kuwa kilikuwa cha mama.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya shangazi ilinichosha kuingoja. Kila alipoombwa azipike alisema anangojea siku ya maana. Hatimaye siku ikaja. Binti yake alipata mchumba wa Rabai, na washenga wakapeleka habari kuwa watakuja baada ya ibada. Shangazi akatangaza kuwa watakula chapati za Kifaransa, halafu akaniita.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo unikorogee, mkono wako mwepesi. Kupika nitapika mwenyewe."

Nikamkorogea. Nataka ijulikane kuwa rojo lile halikuwa na kasoro. Nilichunga unga, nikachimba kishimo katikati, nikavunja mayai, nikatia tui kidogo kidogo nikikoroga mpaka hakukuwa na donge hata moja. Nikatia sukari na chumvi ya kuonja, nikalifunika kwa kitambaa lipumzike. Nilikuwa peke yangu jikoni na chungu cha pilipili kilikuwa karibu. Ningekuwa mjinga ningekigusa, halafu lawama yote ingekuwa yangu.

Ndipo shangazi akaleta kikaango kutoka uchagani. Kilikuwa cheupe.

"Umekiona?" aliniuliza, akikigeuza juani. "Marehemu mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa na moyo mwema, lakini uchafu! Nimekisugua mchanga na makumbi mpaka vidole vikachubuka. Sasa ndicho kikaango cha mtu."

Nilitaka kulia. Miaka yote ya mkono wa mama ilikuwa kwenye weusi ule, na mwanamke huyu aliukwangua akaumwaga uani pamoja na maji machafu. Halafu nikataka kucheka. Nilijua dawa yake. Unakipaka mafuta, unakiweka juu ya moto mdogo, unakipangusa, unakipaka tena, na wageni walikuwa bado njiani. Wakati ulikuwepo. Neno langu moja lingemwokoa.

"Kimependeza kweli, shangazi," nikasema, nikajipangusa mikono.

Wakaja wazee wa washenga na mama wa kijana. Akina mama wa kanisani wakajaa jamvini, na baba akakaa nao wazee. Shangazi alitaka aonekane, kwa hiyo akaliweka jiko la makaa pale pale uani mbele yao. Akatia samli, akachota rojo kwa upawa, akalizungusha. Chapati ikaiva. Akaingiza mwiko chini yake na mwiko ukagoma. Akasukuma. Ikatoka vipande vipande, nusu mwikoni, nusu imeshika chuma.

"Ya kwanza ni ya jiko," akasema, akicheka.

Ya pili ikawa ya jiko vilevile. Ya tatu akaimwagia samli nyingi, ikatoa moshi na kuungua chini ilhali juu mbichi. Jasho likamtiririka mpaka kwenye rojo. Mama wa kijana, mwanamke mpole, akauliza, "Hizi ndizo za Kifaransa?" Mmoja wa akina mama wa kanisani akajibu bila kumtazama mtu, "Za marehemu hazikuwa hivi." Nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Sijawahi kuona tamthilia tamu kama ile, nami sikuona huruma hata chembe.

Shangazi akautupa mwiko.

"Si mimi!" akapiga kelele. "Ni hiki kikaango! Si changu hiki, ni cha marehemu wifi yangu! Ndiye anayekataa nisikipikie! Koma yake imo humu!"

Koma ni mizimu ya wafu wetu. Watu wa kanisa letu walikuwa wamekwisha kuikana, na waliendelea kuikana mpaka jambo liharibike. Akina mama wakaangaliana, kisha wakamwangalia yeye.

Nikainuka. "Kama si chako, shangazi, nakirudisha kwetu."

Akamtazama baba, kama alivyozoea. "Mwache achukue," baba akasema.

Nikakishika kwa pindo la leso, kingali moto, nikakipeleka nyumbani. Posa haikuvunjika. Wageni walikunywa chai na mahamri ya jirani, binti akaolewa, nami nikamchezea harusi yake kwa moyo safi, maana yeye hakunikosea. Kikaango nilikipaka mafuta na kukichoma kila siku mpaka weusi ukarudi na chapati ikabanduka nzima. Niliikunja nikampa baba. Aliila yote, hakusema ni kikaango tu.

Shangazi hakukanyaga tena jikoni mwetu. Alisalimia akiwa uani, akaenda zake. Kila Pasaka alilifagia kaburi la mama, akang'oa magugu kwa mikono yake mwenyewe, yeye ambaye hakuwahi kumfagilia hata ukumbi alipokuwa hai. Watu walimsifu. Nilimwacha afagie.

Alipougua ule ugonjwa wake wa mwisho, mimi nikiwa nimekwisha kupata watoto wangu, aliwatoa watu chumbani, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mwepesi, umebaki mifupa.

"Mwanangu," aliniuliza, "mama yako bado amenikasirikia?"

"Bado, shangazi," nikamwambia, nikamvutia shuka mpaka kidevuni.