Mkono Ambao Haukupimwa

Kwa miaka sita mke wangu alinisindikiza kila mwezi kwenda kituo cha afya kupima presha, ambayo sisi wa Kalemie tunaiita tansio. Tulitoka jua likiwa bado changa, tukifuata njia ya kando ya reli, yeye mbele mimi nyuma, kwa maana alikuwa na mwendo wa haraka. Natamani hata mara moja tu nimwone tena akigeuka na kuniambia, "Papa, kaza mwendo, tutakuta benchi imejaa."

Ugonjwa ulinianza nikiwa karani wa reli. Siku moja kisogo kilinigonga tangu asubuhi, na maandishi ya karatasi yakawa yanachezacheza machoni. Nilisema ni joto la biro, yaani la ofisini. Mke wangu alikataa, akanipeleka.

Muuguzi wa kituo kile alikuwa mama wa makamo, mpole lakini hana mchezo. Kwanza alinikalisha nipumzike, mgongo umeegemea, miguu chini, nisiseme neno. Ndipo akanifunga mashine mkononi.

"Kumi na nane kwa kumi na moja," akasema, yaani mia na themanini kwa mia na kumi. Akapima na mkono wa pili. "Urudi tena, Papa. Siku moja tu haitoshi. Muntu anaweza kupandisha juu ya woga ao juu ya kutembea."

Nilirudi mara mbili. Hesabu haikushuka.

"Hii njo tansio," akaniambia. "Haiponi kama malaria. Utakunywa kidonge kila asubuhi, hata siku unajisikia muzuri."

"Na chumvi?" mke wangu akauliza.

"Mupunguze, Mama. Na samaki ya chumvi mwiache."

Mke wangu alikuwa mtoto wa wavuvi, amekulia kwenye migebuka ya chumvi na ndagala wa kuanikwa. Nikamwambia apike vyungu viwili, changu na chake. Alinitazama kama niliyemtukana.

"Tangu ujana wetu tunakula sahani moja. Leo nikule peke yangu kama muntu wa hoteli?"

Akapika chungu kimoja. Aliweka ndimu, nyanya, kitunguu, pilipili kidogo, akajaribu hiki na kile. Mwezi wa kwanza sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ilinishinda kumeza. Baadaye ulimi ulizoea, na nikaja kupenda chakula kile kuliko cha zamani.

Nilimkosea mara moja. Kichwa kilipoacha kuuma nilijiona nimepona, nikaacha vidonge bila kumwambia. Aliona pakiti haipungui. Hakugomba, alinipeleka tu kupimwa, na tansio ilikuwa imepanda tena. Tulipokuwa tunarudi alisimama njiani, machozi yakamtoka.

"Unataka uniache na nani?"

Tangu siku ile sikuruka hata kidonge kimoja. Katika mawazo yangu yote, mtu wa kuondoka alikuwa ni mimi.

Sasa niseme kitu kinachoniuma. Siku moja, muuguzi alipomaliza kunipima, alimgeukia mke wangu. "Mama, lete na weye mukono."

Mke wangu akacheka. "Miye? Miye ni muzima. Nalima, nabeba maji. Upime huyu mugonjwa wangu."

Muuguzi akanitazama, kana kwamba ananiomba nimsaidie. Nami nikacheka pamoja na mke wangu, tukatoka. Muuguzi alimwomba mara nyingine tena, na jibu likawa lile lile. Mke wangu hakuwahi kulalamikia kichwa wala kizunguzungu. Alilala vizuri, alikula vizuri. Kumbe ugonjwa huu unaweza kukaa na mtu miaka bila kubisha hodi.

Asubuhi moja alikuwa uani akichambua karanga. Aliniita, na sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye chakula kinywani. Nilipofika, ungo ulikuwa umeanguka, mkono wake wa kuume unaning'inia, mdomo umekwenda upande. Jirani alileta pikipiki. Nilimshika katikati yetu mpaka hospitali.

"Anakunywa dawa gani ya tansio?" daktari akaniuliza.

"Hana tansio," nikajibu. "Mwenye tansio ni miye."

"Mulimupima lini?"

Nikamkunjia mkono wa gauni. Daktari akampima mbele yangu: ishirini na mbili kwa kumi na tatu.

Aliishi miezi saba. Upande wa kuume haukurudi. Nilijifunza kumwosha, kumsuka, kumlisha. Kila asubuhi nilimpa kidonge chake kwanza, ndipo nikanywa changu. Maneno yalirudi machache sana. "Papa" alilisema bila taabu, mengine yalimkatikia njiani. Alasiri moja tulikuwa tumekaa nje, ziwa limetulia, akataka kuniambia jambo.

"Papa," akasema, kisha akakwama.

"Maji?" Akatikisa kichwa. "Unasikia baridi?" Hapana. "Watoto?" Hapana. Niliendelea kutaja vitu mpaka akachoka, akacheka kwa nusu ya mdomo, akanipigapiga goti kwa mkono wa kushoto. Kesho yake nilimwuliza tena, alikuwa amesahau. Alifariki Jumapili moja wakati wa mvua, na jambo lile sikulijua. Mpaka leo nalitafuta.

Baada ya matanga, binti yetu mkubwa, anayeishi mji wa Bendera, alibaki nami majuma mawili. Nilipokwenda kupimwa alikuja nami. Kabla muuguzi hajasema neno, nikamwambia binti yangu, "Kaa hapa. Toa mukono."

"Baba, miye siugui."

"Toa mukono."

Alikuwa na kumi na sita kwa kumi. Alibisha kwamba ni msiba, ni kukosa usingizi, na huenda ilikuwa kweli, kwa hiyo muuguzi akamwambia arudi siku nyingine. Alirudi mara mbili bila kusukumwa, na mara zote mbili ilikuwa juu. Alianza dawa kabla ya kupanda gari kurudi Bendera. Mimi nilibaki stesheni ya magari mpaka vumbi likatua.

Kule anapimwa kila mwezi, kisha ananipigia simu.

"Baba, kumi na tatu kwa nane."

"Ni vizuri, mwanangu."

Halafu tunashikilia simu kidogo, yeye kule na mimi huku, kwa sababu tunajua ni nani angeifurahia habari ile kutushinda sisi wote wawili.