Nambari Tatu za Fundi Kasereka

Siamini, jamani. Tumemzika Jumamosi, na leo asubuhi nimebonyeza namba yake mara mbili nikitaka kumsalimia.

Kase ametuacha. Fundi Kasereka, fundi saa wa Kansanga. Wengi mnamjua kwa ile meza yake ya dirishani. Mimi nilimjua kabla hajawa na meza, enzi za utawala wa jeshi, miaka ya sabini.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, msichana wa kaunta kwenye duka la saa mjini. Wahindi wenye duka walikuwa wamefukuzwa, likapewa mmoja wa wale tuliowaita mafuta mingi, walioamka siku moja wakajikuta matajiri. Kuhusu saa, bosi huyo alijua kuivaa tu.

Aliyejua kazi ni Kase, mkimbizi kutoka Kongo, mwembamba, mbishi, mikono haitetemeki. Banange, ungeacha chakula umwangalie.

Alipenda kupita zote zile saa za zamani za mfukoni, zenye uso wa fedha uliochongwa maua. Alitanguliza kipande cha karatasi ili asiukwaruze, akanyanyua mishale, akalegeza skurubu mbili za ubavuni, na uso ukatoka wenyewe. Sikuwahi kumwona akiulazimisha.

Na hakusugua, hata siku moja. Povu la sabuni, brashi laini, anagusagusa tu. Kisha anaulaza kwenye unga wa mbao wa seremala jirani mpaka ukauke. Alinieleza kwamba nambari zimepakwa rangi, na ukisugua zinaondoka pamoja na uchafu.

Alinieleza, sikusikia. Mimi ni mtoto wa polisi, nimekulia kambini Naguru. Kwetu chuma kisichosuguliwa ni aibu ya nyumba nzima, na vifungo vya baba nilivisugua mimi kila asubuhi kabla ya gwaride.

Sasa meja mmoja akaleta saa yake, uso mweusi tii. Kase akautoa, akauweka kwenye kitambaa, akaenda kula. Nikaona nimsaidie. Nikachukua dawa ya kung'arishia vifungo.

Uling'aa huo! Nikajisifu. Halafu nikatazama kitambaa changu, na tatu, nne na tano zilikuwa zimehamia huko.

Kase aliporudi hakunigombeza. Aliutazama uso, akanitazama mimi, akaketi. Kabla hajasema neno, Meja huyo hapo mlangoni, amekuja kuona kazi imefika wapi.

Akauliza ni nani aliyegusa. Kase akasimama.

"Ni mimi, afande. Nilifanya haraka. Nipe mpaka Ijumaa, zitarudi."

Meja hakupiga kelele. Alimwomba kitambulisho chake cha ukimbizi, akakitia mfukoni, akasema Ijumaa watabadilishana.

Wa rika langu mnaelewa maana yake. Mgeni bila karatasi, na vizuizi vya askari kila barabara. Tena alikuwa anakaa Port Bell, gereza analipita kila akija kazini. Siku tatu hakutoka dukani. Alilala nyuma ya kaunta, mimi nikimletea posho, ule ugali wetu, na maharage.

Nilimwambia naenda kwa Meja kusema ukweli. Akanikatalia katakata.

"Apiyo dada yangu, wewe una baba kambini. Hilo kosa litamfuata yeye. Mimi nafuatwa peke yangu."

Akatengeneza brashi kwa manyoya matatu ya paka wa fundi viatu wa jirani. Mara mbili aliandika, mara mbili akaosha, kwa sababu tano yake ilinenepa. Mimi na ujuaji wangu nikamfundisha nne ya Kirumi kama tulivyosoma shuleni. Akacheka, akanifungulia saa nyingine nijionee: kwenye saa, nne huandikwa vijiti vinne. Nusura nimponze mara ya pili!

Ijumaa Meja akaja. Akaisogeza saa dirishani, akahesabu vile vijiti kwa ukucha. Mwishowe akauliza zilizofutwa ni zipi.

Kase akamwambia, "Tafuta, afande."

Nilitamani kaunta inimeze. Meja akatafuta, akatafuta, akagusa tisa. Kase akatikisa kichwa. Meja akagusa kumi na moja, nayo siyo. Basi akacheka, akatoa kile kitambulisho, akakiweka kaunta, akaenda na saa yake. Kase alitoka jua bado liko juu, akaelekea kwake kwa miguu, kichwa juu. Ninavyojivunia mtu yule, sina pa kuweka.

Lakini bosi alikuwa na mdomo. Akasambaza mjini kote kwamba Mkongomani wake aliharibu uso wa saa ya meja. Kase hakujibu. Serikali ikabadilika, baba yangu akastaafu, hakukuwa tena na wa kumwogopa. Nikamwambia sasa niseme. Akaniambia imezeeka hiyo, iache. Nami nikaiacha. Ilinifaa kuiacha, nisidanganye.

Jumamosi msibani msemaji mmoja akairudia kwa utani, kwamba hata Kasereka aliwahi kusugua uso wa saa kwa dawa ya vifungo. Watu wakacheka. Nikamwona binti yake Furaha, aliyerithi ile meza, akiinamisha macho. Nami nilikuwa viti viwili tu nyuma yake, nimefunga mdomo.

Furaha mwanangu, na ninyi vijana wote aliowafundisha, someni vizuri hapa. Baba yenu hakuharibu uso wa saa hata mmoja maisha yake yote. Alirudisha tu ulioharibiwa na mwingine, akalibeba kosa hilo kwa jina lake miaka yote hii.

Webale nnyo, asante sana, Kase. Lala sasa, kazi yako yote iko sawa. Zile nambari tatu nilizifuta mimi, Apiyo.