Unga Chini ya Blanketi

Mimi ni mtu wa kinyaa, na sijawahi kuficha. Kikombe alichonywea mwingine sikigusi mpaka nikisugue kwa majivu. Nikikuta unywele kwenye ugali, siku hiyo nimefunga. Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, ambako foleni ya maji ni moja na choo ni cha nyumba tatu, tabia hiyo ni mzigo, na mume wangu hunitania kwamba nilistahili kuzaliwa hospitalini na kubaki humo humo. Nayasema haya mapema kwa sababu baadaye nilisutwa nayo, na nusura nimpoteze mtoto kwa ajili yake.

Mtoto mwenyewe ni binti yetu wa pili, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne. Dada wa mume wangu, anayeishi mtaa wa Kakoba kule mjini Mbarara, hakujaliwa kuzaa, akaomba tumpe huyo amlee. Kwetu watu wa Kivu Kusini, kule Kongo, shangazi haombi mtoto kama jirani anavyoomba chumvi. Yeye ni baba wa kike. Mume wangu alikuwa ameshakubali moyoni kabla hajaniuliza. Nami, niseme ukweli, sikukataa. Tulikuwa watu watano kwenye chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na wifi yangu alikuwa na nyumba ya saruji, shule ya kueleweka karibu, na mikate ya kuoka ambayo maduka ya Kakoba yaliigombania. Tulipatana niende na mtoto, nikae naye wiki moja azoee, kisha nimwache. Nilifurahi pia kwamba ningejifunza kuoka, maana mikate yangu ilitoka migumu kama jiwe la kusugulia visigino.

Siku za kwanza nilitafuta cha kunikera nikakosa. Nyumba ilipigwa deki asubuhi na jioni. Wifi alikata kucha, alifunga kitambaa kichwani, alichekecha unga mara mbili na kuwatoa fukusi mbele yangu bila kuona haya. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi ya tatu nilipewa beseni. Alinifundisha kwa moyo mweupe. Maji ya hamira yajaribiwe kwenye kifundo cha mkono, kama maziwa ya mtoto. Yakikuchoma wewe, hamira yatakuwa yameshaiua. Hamira ipewe kijiko cha sukari na kuachwa itoe povu, na isipotoa itupwe, usijidanganye. Chumvi isikutane nayo mwanzoni, iingie na unga. Unga ukandwe mpaka uache kushika vidole. Asiye na tanuri achukue sufuria kubwa, atie mchanga chini, aweke kopo la mkate juu ya mchanga, afunike, kisha apange makaa juu ya kifuniko. Mkate ukiiva, ugeuze uugonge tumboni. Ukilia kama kitu kitupu, utoe. Yote hayo ni kweli na nayafuata hadi leo.

Kitu kimoja hakunifundisha, nacho ni mahali unga unapolazwa ili uumuke. Ilikuwa majira ya mvua, na Mbarara ya mvua ina baridi inayoingia hadi kwenye vijiko. Kila baada ya chakula cha mchana wifi alichukua beseni la unga akaingia nalo chumba cha ndani, na watoto nao wakapelekwa huko huko kulala. Nasema watoto kwa sababu mbali na wangu walikuwepo wawili wa majirani, ambao mama zao walishinda sokoni, na wifi aliwatunza bila kudai chochote. Mtaa mzima ulimsifu kwa hilo. Mlango ulifungwa, nami nikatumwa barazani kuchekecha unga wa kesho. Hawakutoka humo mpaka jua linaanza kushuka. Binti yangu, ambaye nyumbani hata nimbebe mgongoni na kumwimbia halali mchana! Nilimuuliza wifi anafanyaje. Akasema mtoto wa mjini anaijua saa yake.

Na ile mikate nilikula kila asubuhi kwa chai. Ilikuwa laini, imejaa hewa, ukiibonyeza inarudi. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, lakini mimi sikuuliza vimeundwaje. Nilikula nikaongeza.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba binti yangu alianza kukataa maji. Chakula cha mchana alikula kikavu, na ukimpa kikombe anatikisa kichwa. Nikamkamulia juisi ya pasheni, ambayo nyumbani angeipigania na ndugu zake, akaisukuma. Nikadhani ni ugeni.

Kuelekea mwisho wa wiki mvua ilinyesha ghafla nikiwa barazani na ungo. Nikakimbilia ndani kutafuta kitu cha kufunikia unga, na bila kufikiri nikasukuma mlango wa chumba cha ndani.

Kilichotangulia kunifikia ni harufu: hamira, jasho, na mkojo wa siku nyingi ulioloa godoro, ukakauka, ukaloa tena. Kisha nikaona. Beseni la unga lilikuwa katikati ya godoro, limefunikwa kitambaa. Watoto watatu walikuwa wamelizunguka, wamelala ubavu, matumbo yao yameligusa, na blanketi zito limewafunika wote pamoja nalo mpaka mabegani. Mmoja wa wale wa majirani alikuwa na mafua. Kamasi lake lilikuwa limeteremka hadi kwenye kitambaa cha unga likafanya doa lenye kung'aa. Nikakumbuka kila kipande cha mkate nilichokula tangu nifike, na vile nilivyokuwa nikilamba makombo kwenye vidole. Nilitapika pale pale mlangoni, kwenye sakafu iliyopigwa deki.

Wifi alikuja na tambara, akapangusa, wala hakuona aibu yoyote. Alinieleza kwa upole, kama mtu anayemalizia somo. Kule milimani walikozaliwa kulikuwa na baridi, na mama yake alikuwa akiuficha unga kwenye kitanda ambacho watu wametoka kuamka, kingali na joto. Yeye akagundua kwamba watu wasipoamka ni bora zaidi.

"Joto ya mutoto haipande wala haishuke, mulamu," alisema, maana ndivyo tunavyoitana mawifi. "Makala ya moto inaunguzaka. Mutoto yeye anavimbisha pole pole."

Nikamwambia kwamba sufuria ya maji ya moto, ukiweka beseni juu yake na kulifunika, ingefanya kazi hiyo hiyo, na kwamba maji ya moto hayana kamasi wala hayakojoi. Akacheka. Akasema maji hupoa, tena hajapata kusikia mtu wa Kakoba akiulalamikia mkate wake. Hilo lilikuwa kweli, na lilinichefua zaidi.

Ndipo nikaona macho ya binti yangu. Wale wengine walikuwa wamesinzia kweli, lakini yake yalikuwa wazi. Alikuwa akinitazama muda wote huo, nikitapika, nikigombana, bila kuinua kichwa, mkono wake mmoja umelikumbatia beseni. Nikamwita aje. Hakuja. Alimtazama shangazi yake kwanza.

"Mama, mukojo inanibana," alisema kwa sauti ndogo sana. "Lakini unga haijavimba. Nikitikisika, mukate inakufa."

"Umeona?" wifi akaniambia, na uso wake ulijaa fahari. "Sasa anajua kutulia. Ulimuleta hapa anaruka-ruka kama mbuzi."

Basi ndiyo maana mtoto alikuwa hanywi maji. Alikuwa na miaka minne, na tayari alikuwa ameufundisha mwili wake kungojea hamira. Nilimtazama wifi yangu, mwanamke msafi, mwenye kucha fupi na kitambaa cheupe kichwani, nikahisi kinyaa ambacho sijapata kukihisi kwa choo wala kwa jalala. Nikalifunua lile blanketi nikamnyanyua mtoto. Mkojo ulimtoka hapo hapo, ukateremka kwenye mkono wangu hadi kwenye gauni, naye akaangua kilio, huku amelinyooshea beseni mikono yote miwili. Wifi aliinama haraka. Hakuinama kwa mtoto. Alifunua kitambaa, akabonyeza unga kwa kidole, akangoja aone kama unarudi. Mtoto analia, yeye anapima unga. Hata nikizeeka nisahau majina ya wanangu, kidole kile sitakisahau.

Tuliondoka alasiri ile ile, mvua ikiwa haijakatika. Wifi hakutuzuia. Alinitia mkate mkubwa kwenye mfuko, zawadi kwa kaka yake.

Habari zilinitangulia kwa simu. Nilipofika Nakivale mume wangu alikuwa ameshajua yote, kwa namna ya dada yake: nimeona unga karibu na watoto, nikatapika, nikamnyakua mtoto kwa sababu ya kinyaa. Alicheka mpaka akafuta machozi. Akawaita ndugu zake, nao wakaketi, wakaukata ule mkate, wakawa wanautafuna kwa chai mbele yangu huku wananicheka. Nilieleza habari ya maji. Nilieleza habari ya macho, na maneno aliyosema mtoto. Kila nilipofika hapo mtu alinikatiza, "Ee, wewe na kinyaa yako." Mama mkwe akasema wakati wao watoto walilala na mbuzi na hakuna aliyekufa. Niliangalia makombo kwenye ndevu za shemeji zangu, nikaangalia namna walivyojilamba, nikaona nimeolewa kwenye ukoo ambao tumbo lake halichafuki na lolote. Jina la mtu wa kinyaa nilijipa mwenyewe, kwa ucheshi, miaka mingi. Sasa nilitaka kusema jambo zito, na hakuna aliyenisikia kwa sababu ya jina hilo.

Mume wangu alikata shauri. Jumapili baada ya ibada angempeleka mtoto mwenyewe kwa dada yake, nami nibaki nyumbani na tumbo langu.

Jumapili ikafika. Tulitoka kanisani, tukala. Nilikunja nguo za mtoto nikazitia kwenye mfuko, kwa kuwa maneno yalikuwa yameniishia na sikutaka aende na nguo chafu. Wakubwa kwa wadogo walikuwa nje. Binti yetu hatukumwona. Hakuna aliyemwambia akalale, lakini baada ya kula alikuwa ameingia peke yake nyuma ya pazia. Baba yake akaenda kumwamsha, na mimi nikamfuata na mfuko mkononi.

Alilala ubavu, magoti ameyakunja, macho wazi. Godoro chini yake lilikuwa limelowa. Baba yake aliligusa akakuta limeshapoa, kwa hiyo alikuwa amelala kwenye mkojo ule muda mrefu. Mlango ulikuwa wazi. Sauti za ndugu zake wakicheza zilisikika hapo uani. Baba akamuuliza kwa nini hakutoka nje kukojoa.

"Sikutikisika, papa," alisema. "Nilitulia sana."

Alisema hivyo kama mtoto anayengoja kusifiwa.

Mume wangu aliinama, akamnyanyua vile vile alivyoloa, akamlaza kifuani, na shati lake la kanisani likalowana hadi kiunoni. Simu iliita mfukoni mwake. Tulijua wote wawili ni nani, anauliza kama wameshaondoka. Aliiacha iite mpaka ikanyamaza, kisha akaniambia nizirudishe zile nguo.