Siku Kurunzi alipomwacha mwanawe gizani

Saa nne asubuhi ukumbi ni mtupu, lakini juu kabisa, nyuma ya viti vya mwisho, mwanamume wa miaka hamsini na sita ameikumbatia taa ya kilo thelathini na mbili. Anaipeleka kushoto, anairudisha, anabana duara la mwanga mpaka linatosha kichwa na mabega tu. Jasho linamchuruzika. Chumba hicho hakina feni, na taa ikiwaka nusu saa panakuwa tanuri.

Wenzake wanamwita Kurunzi. Kwa miaka kumi na tatu kazi yake ni hiyo moja: mwimbaji akienda, mwanga uende naye, akisimama, usimame. Hajawahi kumpoteza mtu jukwaani, na alikuwa akijisifia hilo bila haya. Mpaka Jumatatu ya wiki hii.

Kila tamthilia ya nyimbo, anaeleza, ina mahali ambapo wote hutoka na mwanamume mmoja akabaki kuimba peke yake. Amekwisha kumulika nyimbo kumi na moja za namna hiyo: mfalme anayeogopa uzee, mlinzi aliyempenda mke wa tajiri wake, kinyozi anayelia mbele ya kioo chake. Watazamaji husahau kisa kizima wakatoka na wimbo huo mmoja mdomoni.

“Mwanamume wa jukwaani ana bahati,” anasema. “Akibaki peke yake anasema yote. Sisi wa majumbani tukibaki peke yetu ndiyo kwanza tunanyamaza.”

Wimbo wa kumi na mbili ulikuwa wa mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka ishirini na sita anayeimba katika ukumbi huu huu. Mwongozaji aliwataka waimbaji wake wanaume waandike jambo ambalo hawajapata kuwaambia baba zao. La kijana huyo likachaguliwa, likatiwa muziki, likafichwa hadi mazoezi ya Jumatatu. Mzee alipanda ngazi siku hiyo kifua mbele.

Ubeti wa kwanza ulimtosha. Mtoto ana homa, anarudishwa nyumbani kutoka shule. Njiani anamwona baba yake, aliyeaga alfajiri kwamba anakwenda kiwandani, ameketi kwenye benchi nyuma ya kituo cha treni, sare mwilini, anakula chakula chake cha mchana saa tatu asubuhi. Mtoto anajificha. Kesho yake anapita tena, na keshokutwa. Baba yupo pale pale.

Baba huyo alikuwa Kurunzi mwenyewe. Miaka kumi na tano iliyopita kiwanda cha rangi kilimpunguza kazi, naye kwa miezi saba alitoka kila alfajiri na kurudi kila jioni, akichota kiinua mgongo chake kidogo kidogo na kukiita mshahara. Alipopata kazi ya kufagia ukumbi huu ndipo alipomwambia mkewe kwamba kiwanda amekiacha kwa hiari.

Mkono wake uliganda. Mwanawe alisogea hatua sita kama alivyoelekezwa, mwanga ukabaki nyuma ukimulika sakafu. Wimbo uliobaki aliuimba gizani.

“Nilijua siri hiyo tunayo wawili, mimi na Mungu,” anasema. “Kumbe nilikuwa na shahidi, na ndiye niliyekuwa namchapa akisema uongo.”

Kijana alimfuata juu. Onyesho ni Jumamosi hii, na mama yake alikwisha kuwekewa kiti safu ya tatu.

“Baba, ukisema niache, naacha,” alimwambia. “Ila mama asiusikie wimbo kabla hajakusikia wewe.”

Jumanne, mkewe akikunja nguo, Kurunzi alisimama mlangoni akasema yote. Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Mkewe akaiweka chini shuka aliyoshika.

“Kwa hiyo hakukuwa na mwanamke?”

Mume hakuelewa. Ikabidi aelezwe.

“Sare za kiwanda cha rangi, miezi saba, hazina hata tone. Nilikuwa nafua nguo safi. Nikasema, huyu anazivua mahali. Nikanyamaza kwa ajili ya watoto.”

Akisimulia hayo, Kurunzi anaizima taa na kukaa sakafuni. Mshtuko bado haujamtoka, na ukimsikiliza nawe unakupata. Aliificha aibu yake asimuumize mkewe, na mkewe akalala miaka kumi na tano ubavuni pa mume akiamini kwamba alimsaliti.

Msamaha hakupewa. Alipewa sharti: wimbo uimbwe, naye asijifiche huko juu. “Uje ukae nami,” mkewe alisema, “nikuone uso ukiusikiliza.”

Ruhusa ya kuiacha taa ameiomba kwa mwongozaji, amepewa. Leo mchana atamfundisha fundi umeme zile hatua sita, na Jumamosi atashuka ngazi kabla ya wimbo kuanza.

“Sijui atafanya nini ukiisha,” anasema. “Akinishika mkono, nitashukuru. Akiondoka, nitamfuata nje. Nina miezi saba ya kumsimulia, siku moja moja.”